Ndege Ilipogonga Pameshalimwa

Alhamisi jioni, Mbinga mjini. Mawingu mazito, mvua bado.

Mkuu wa wachunguzi wa ajali amesema leo mchana, akiwa amesimama katikati ya shamba la Mama Osmunda Kapinga, kwamba hataweza kueleza ile ndege iligonga ardhi kwa namna gani, kwa sababu mahali ilipogonga hapapo tena. Pamelimwa. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, kisha akaomba maji ya kunywa.

Sentensi hiyo nimeituma chumba cha habari kama ilivyo. Yanayofuata hayamo kwenye habari niliyotuma.

Kwa asiyefuatilia: Ijumaa iliyopita ndege isiyo na injini ilianguka kwenye mteremko wa mashamba, karibu na pale barabara ya Mbamba Bay inapoanza kutafuta njia ya kushuka. Rubani alikuwa peke yake na alikufa palepale. Ndege za aina hiyo huvutwa na ndege nyingine ndogo mpaka juu, kisha kamba inaachiwa, na kuanzia hapo rubani anategemea hewa. Hewa inayopanda inambeba, inayoshuka inamshusha. Hana kitu kingine cha kushika.

Marehemu alikuwa mgeni kutoka Ulaya. Alikuja na mwenzake tangu kiangazi, wakaomba kutumia kiwanja cha ndege cha zamani, cha majani, wakaruka karibu kila siku. Jina lake sitaliandika hapa. Watu wa milimani walimwita Mwewe, naye alilipenda jina hilo kuliko lake. Siku zenye hewa tulivu alifika hadi juu ya Litumbandyosi na kurudi. Nilimhoji mara moja. Aliniambia milima yetu ni mizuri asubuhi, lakini ikifika mchana inabadilika, na kwamba yeye huwa ameshatua kabla haijabadilika.

Ijumaa hakuwahi kutua.

Nilifika mapema kwa sababu nilikuwa kijiji cha jirani kwa habari ya miche ya kahawa. Nimeripoti ajali nyingi kwa miaka mingi, za malori, mabasi, mitumbwi, na kwenye ajali huwa nafanya vilevile: nauliza watu kabla hawajaanza kuulizana wenyewe kwa wenyewe. Wale niliowahi walisema waliiona ikitikisika kama karatasi juu ya mgongo wa mlima, kisha ikapotea nyuma ya miti. Niliowachelewa waliniambia walisikia injini ikikohoa na kuzimika.

Haikuwa na injini. Bado wanasema hivyo mpaka leo, na hawasemi uongo. Kila anayesimulia ndege kuanguka anajua kwamba kwanza injini huzimika.

Mwili ulipelekwa hospitali jioni ileile. Jumamosi asubuhi mtendaji wa kijiji aliagiza mabaki yabebwe mpaka kwenye stoo ya ofisi yake, akiogopa yasije yakageuzwa vyombo vya kuku. Vijana walibeba bawa mabegani wakiimba, kama wanavyobeba nguzo ya kujengea kanisa. Hakuna aliyewaambia wasiguse. Sidhani kama mtendaji mwenyewe alikuwa amewahi kusikia kwamba kuna sheria ya kutogusa.

Ikabaki ardhi.

Wasomaji wangu wengine hawajafika huku, kwa hiyo nieleze shamba lilivyo. Wamatengo hulima milimani kwa ngolo. Ni mashimo ya mraba yaliyopangwa mteremko mzima, moja chini ya jingine, na kati ya shimo na shimo kuna tuta. Ndani ya tuta kuna nyasi zilizolazwa na kufukiwa. Mvua ikija, kila shimo linashika maji yake. Ukitazama kutoka ng'ambo ya bonde, mlima unafanana na sega la nyuki.

Ubaya wake ni kwamba tuta moja likibomoka, maji ya shimo hilo yanaingia la chini, la chini linajaa na kubomoka nalo, na yote yanaenda kwa jirani. Ndege ilivunja matuta mengi. Na mvua za kwanza zilikuwa zinangojwa wakati wowote, kama zinavyongojwa hata sasa ninapoandika.

Jumamosi hiyo, bawa la mwisho lilipoondoka, wanawake wa eneo lile walikuwa wamekaa pembeni na majembe yao. Mama Osmunda ndiye mwenye shamba. Ni mjane, mtu mzima, mwembamba, anaongea akitazama anachofanya na si anayeongea naye. Alimfuata mtendaji.

"Mtendaji, na hizi zilizobomoka tuzifanyeje?"

"Mnangoja nini, mama? Mawingu hamyaoni? Tengenezeni."

"Hakuna watu wengine watakaokuja kuangalia?"

"Kuangalia nini? Ndege si imeshaondoka? Tengenezeni, msije mkasema serikali imewaletea njaa."

Wanawake walicheka. Mmoja akasema serikali ilete na jembe basi, lake limechakaa. Mtendaji naye akacheka, akarudi nyuma kumpisha mtu na kunikanyaga kiatu, akaniomba radhi. Nilikuwa karibu naye kiasi hicho.

Walifanya kazi mpaka mchana. Wakakata nyasi, wakazilaza, wakazifunika udongo, wakapiga matuta kwa bapa la jembe mpaka yakalingana na mengine. Walilima kimya kwanza, kwa heshima ya aliyekufa. Baadaye wakaanza kuimba. Nilipoondoka, usingeweza kujua kama kuna kitu kiliwahi kuanguka pale.

Nilipiga picha bawa, mkia, umati, vijana wakibeba. Ardhi sikuipiga. Sikuwaza kupiga picha ya mashimo kwenye mlima ambao wote ni mashimo.

Wachunguzi walifika Jumapili jioni na kupanda shambani Jumatatu. Mkuu wao ni mhandisi, mtu mpole, ametoka Dar es Salaam na viatu vya kufaa. Alinieleza alichokuwa anatafuta. Ndege inapogonga huacha alama ardhini, na alama hiyo ina maneno yake. Pua ikiingia wima na kwa kina, maana yake ndege ilipoteza mwendo na kudondoka, na hapo mtu anauliza kama rubani aliiendesha polepole mno akikata kona karibu na mlima. Ikigonga kwa ubavu au kwa tumbo ingali inakwenda, maana yake ilikuwa inaruka sawasawa, ila hewa iliyoibeba ilikuwa inaporomoka kuliko uwezo wake wa kupanda. Hali ya kwanza ni kosa la mtu. Ya pili ni mlima.

"Na bila alama?" nilimuuliza.

"Bila alama ninabaki na vipande vilivyobebwa na vijana na kurundikwa stoo. Sijui hata kipi kilivunjika angani na kipi kilivunjika begani."

Alikusanya simu za watu wote waliokuwapo. Picha zilikuwa nyingi. Bawa, bawa, bawa, mtu na bawa, kijana ameweka mkono kiunoni mbele ya mkia. Kwenye chache ardhi inaonekana kidogo, kati ya miguu ya watu.

Jumanne Mama Osmunda akapata wito. Anatakiwa kituo cha polisi Jumatatu ijayo kueleza kwa nini aliharibu mahali pa ajali kabla ya uchunguzi. Aliyempelekea wito ni mtendaji, kwa mkono wake mwenyewe.

Jana nilishuka Mbamba Bay, kando ya ziwa. Nilijiambia nakwenda kazini, na ni kweli, ila pia sikutaka kuwa mjini. Nilitaka kujua ziwa lilikuwaje Ijumaa mchana, kwa sababu upepo uliopanda milimani ulitokea huko. Niliwakuta kina mama wakianika usipa, dagaa wa ziwa hili, kwenye chanja karibu na gati. Niliwaamkia wakubwa shikamoo, wakaitikia, nikauliza kama Ijumaa waliiona ndege nyeupe kule juu.

"Ndege tungeiona saa ngapi, mwanangu?" mmoja alisema. "Tulikuwa tunakimbiza usipa. Upepo ulikuja ghafla kutoka ziwani, ukabeba chanja na kila kitu. Huyu hapa alikimbia mpaka kwenye migomba."

"Nilikimbia, na wewe ulikaa ukacheka," mwenzake alimjibu. "Usipa wako sikuokota hata mmoja, niliokota wangu tu."

Nilimpelekea mhandisi maelezo hayo jana usiku kwa simu. Alishukuru. Alisema yanalingana na alichokuwa anakifikiri: upepo wa ghafla kutoka ziwani unapanda uso wa mlima, unavuka mgongo, na ukishavuka unaporomoka upande wa pili na kujikunja, kama maji ya mto yanapopita juu ya jiwe kubwa. Mbele ya jiwe maji ni laini, nyuma yake yanachemka. Shamba la Mama Osmunda liko nyuma ya jiwe. Alisema wenzake wa nchi nyingine zenye milima wameandika ajali za namna hiyohiyo, marubani wazuri, siku nzuri, wamevuka upande usiofaa kwa muda mfupi tu.

"Kwa hiyo ni mlima?" nilisema.

"Kwa hiyo inawezekana ni mlima. Dada yake marehemu ananipigia simu kila asubuhi. Anataka kujua kama kaka yake alikosea. Siwezi kumwambia 'inawezekana'. Nimemwambia asubiri, na sasa sijui anasubiri nini."

Leo asubuhi alijaribu jambo la mwisho. Aliwaomba wanawake wote waliolima Jumamosi wapande shambani wamwonyeshe matuta yapi yalikuwa yamebomoka na kwa kiasi gani. Walikuja wote, wakiwa na kanga safi, kama watu walioitwa kwenye mkutano. Nilisimama pembeni. Mtendaji alisimama mbali zaidi.

Mama Osmunda alionyesha. Mwenzake akasema hapana, lile la juu halikuguswa na ndege, nililipiga mimi mwenyewe lilikuwa zima. Wa tatu akasema nyinyi wote mmechanganya mistari, kule kulikuwa na mti. Mti gani? Mti ulikatwa mwaka juzi. Wakabishana kwa Kiswahili, na walipokasirika wakahamia Kimatengo, na mhandisi akabaki anatazama midomo. Wamelima mlima ule tangu wakiwa wasichana. Lakini walikuwa wameshautengeneza, na walichokumbuka kila mmoja ni jembe lake lilipopita.

"Mama zangu," mhandisi alisema mwishowe, "shimo lenyewe lilikuwa na kina gani? Magotini? Kiunoni?"

"Ngolo zote ni mashimo, baba," Mama Osmunda alimjibu. "Ungeniuliza kabla sijalima ningepima."

Hapo ndipo aliposema ile sentensi niliyoanza nayo.

Wakati tunateremka, Mama Osmunda alinisubiri njiani. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kusimama. Tulitembea kidogo.

"Mwandishi, nikienda huko Jumatatu watanilaza ndani?"

Nilimwambia sijui. Nikamwambia wito ni wa kujieleza tu.

"Nitaeleza nini? Nilimuuliza mtendaji, akasema tengenezeni. Jana nimemwendea nyumbani anikumbushie. Ameniambia hakusema. Ananiita mama, ananikaribisha kiti, halafu ananiambia hakusema. Wale wenzangu wanasema tutakwenda wote. Nimewauliza, wakitulaza wote nani atapanda mahindi? Wamesema waume zao watajifunza."

Alicheka peke yake. Mimi sikuweza.

Hakuniuliza kama nilisikia. Jumamosi aliniona niliposimama. Anajua kwamba nilisikia, na ameniachia.

Mtendaji hakuniachia. Amekuja hapa ninapolala, saa ya chakula, akakataa kula. Tunafahamiana miaka mingi. Kila kunapokuwa na jambo kijijini kwake, simu ya kwanza anayopiga ni kwangu, na sijawahi kumkuta ananidanganya. Ana watoto shuleni na mke anayeumwa. Tulizungumza habari za mvua, kisha akasema.

"Kaka, lile la Jumamosi. Kulikuwa na kelele nyingi."

"Zilikuwepo."

"Mtu anaweza kusikia neno likatoka kwingine akadhani nimesema mimi."

"Ulinikanyaga kiatu, mtendaji. Dakika hiyohiyo."

Alitazama mlango. "Nikisema niliwaruhusu, mimi kesho sina kazi. Yule mama ni mzee, mjane, hawatamfanya chochote. Watamwonya, atarudi nyumbani. Mimi hawatanionya."

"Sasa kwa nini usiwaambie hivyo? Kwamba hukujua?"

"Mtendaji anayesema hakujua?" Akainuka. "Wewe ni mwandishi. Kazi yako si kutoa ushahidi, ulishaniambia mwenyewe. Unaandika tu."

Ni kweli nilimwambia hivyo. Nimewaambia hivyo watu wengi, na ninaamini. Mwandishi akishaingia kituoni kama shahidi, kesho hakuna atakayezungumza naye kwa uhuru. Mtendaji hatapiga simu tena, wala watendaji wa vijiji vingine. Nimefanya kazi wilaya hizi mbili, ya juu na ya ziwani, kwa sababu watu wanajua nikiondoka na maneno yao yanaishia gazetini, si kwenye faili.

Nimejaribu njia ya katikati. Nimefikiri niandike habari tu: kwamba mwenye shamba aliomba ruhusa na akapewa. Nikajiuliza ningemtaja nani kama chanzo. Chanzo ni mimi. Mhariri wangu angeniuliza swali hilo kabla hajamaliza aya ya kwanza, na mimi mwenyewe ningemuuliza kijana yeyote aliyeniletea habari ya namna hiyo.

Na kuna jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuliweka. Jumamosi, kwenye habari niliyotuma, niliandika kwamba wanawake walitengeneza mashimo baada ya mabaki kuondolewa. Maneno ya mtendaji sikuyaweka. Sikuyaficha. Niliona tu hayana uzito, mtu anaruhusu mtu kulima shamba lake. Wachunguzi walipofika, walichosoma kwanza ni gazeti langu. Walisoma kwamba wanawake walifukia. Hawakusoma kwamba waliuliza kwanza.

Sentensi ni sahihi. Nimeirudia mara kadhaa kutafuta kosa na halimo. Ila Mama Osmunda ameitwa kituoni kwa sentensi yangu sahihi.

Sijui kama ndege iliangushwa na rubani au na hewa, na naanza kukubali kwamba hakuna atakayejua. Hilo halijaninyima usingizi. Nimeandika ajali nyingi zilizobaki bila jibu. Yule dada kule Ulaya atapewa ripoti yenye neno "haikuweza kuthibitishwa", ataisoma mara nyingi, na siwezi kumsaidia.

Lakini nani aliruhusu, hilo linajulikana. Wanalijua mtendaji, Mama Osmunda, wanawake wenzake na mimi. Wanawake watasema, na wataambiwa wanamtetea mwenzao. Mtendaji hatasema. Nabaki mimi ambaye si ndugu wala jirani wa yeyote pale, na ambaye nilikuwa pale kwa kazi ya kusikiliza.

Nimempigia mhariri baada ya mtendaji kuondoka. Nimemwambia nilichokisikia Jumamosi, na kwamba nitakisema kituoni. Akauliza kama nimefikiri. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi habari hii si yangu tena, kuanzia sasa, na atamtuma mwandishi wa Songea aje aimalizie. Nilitegemea atasema hivyo. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Ila nilipokata simu niliketi kwa muda na daftari mkononi nisijue niandike nini.

Nimempigia pia mtendaji. Sikutaka asikie kwa watu. Hakugombana. Alisema, "Sawa kaka," kwa sauti ya mtu aliyekuwa anategemea, na akaniuliza kama nitasema pia kwamba alikuwa na wasiwasi wa mvua, kwamba hakusema kwa ubaya. Nikamwambia nitasema kila kitu nilichosikia, na hilo limo. Nikamwambia bado ana siku tatu za kulisema yeye kwanza, na likitoka kwake litakuwa na uzito mwingine. Sikumsikia akikata simu, nilisikia tu mke wake akikohoa nyuma.

Kesho mwandishi wa Songea anafika na nitamkabidhi namba zote nilizonazo, ya mhandisi, ya yule mgeni aliyekuja na marehemu, ya kina mama wa Mbamba Bay. Atanihoji na mimi. Itabidi nijibu kama ninavyotaka watu wanijibu.

Wanawake wamekubaliana kukutana Jumatatu alfajiri njia panda, kuna gari la kahawa linashuka mjini litawabeba. Mama Osmunda anatakiwa kituoni saa tatu asubuhi. Nimemtumia ujumbe kupitia binti yake: anitafute mlangoni, tuingie pamoja.